Pissaladière ya Nice: mkate wa vitunguu ambao samaki wake ni kiungo, si kitoweo

#1 Mleta mada

Wanajukwaa, heshima kwenu nyote.

Nimeona mara kadhaa katika jukwaa hili la mapishi picha za pissaladière zikiwekwa chini ya kichwa cha "pizza isiyo na nyanya", na wachangiaji wakishauriana kuongeza jibini ili ipendeze. Naomba nifungue uzi huu kuutetea mkate huo, kwa sababu naamini kwamba anayeupika kwa fikra ya pizza atapata chakula ambacho hakijafikia kuwa pizza na hakijafikia kuwa pissaladière.

Huu ni mkate bapa wa jiji la Nice, kusini-mashariki mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Italia. Chini kuna donge la unga wa ngano lenye hamira na mafuta ya zeituni, lililotandazwa. Juu yake kuna tabaka nene la vitunguu maji vilivyopikwa taratibu mpaka vikalainika kabisa. Na juu ya vitunguu hupangwa minofu ya anchovi, samaki wadogo wa baharini, waliohifadhiwa kwa chumvi, pamoja na zeituni nyeusi ndogo. Nyanya haimo, na jibini haimo. Katika mji wa kale wa Nice na katika soko la Cours Saleya mkate huu huuzwa kwa vipande vya mraba vinavyoliwa kwa mkono, vikiwa na joto kiasi au vimeshapoa, mara nyingi jirani na socca, ambayo ni chapati nyembamba ya unga wa dengu.

Jina la mkate linatokana na pissalat, rojo la samaki wadogo wa chumvi, na hapo ndipo kilipo kiini cha hoja yangu. Wavuvi wa pwani ile walikuwa wakichukua vifaranga vya sardini na anchovi, ambavyo wenyeji huviita poutine, wakavilaza katika chumvi pamoja na karafuu, pilipili manga, thaimu na majani makavu yanayoitwa laurier, kisha wakawa wanakoroga kila siku mpaka samaki wakayeyuka. Rojo hilo lilichujwa, likafunikwa kwa mafuta ya zeituni na kuwekwa akiba. Siku ya kuoka lilipakwa kwenye unga au likachanganywa na vitunguu, kwa hiyo mlaji alionja samaki katika kila tonge hata kama hakumwona popote.

Siku hizi pissalat halisi ni adimu. Uvuvi wa vifaranga umewekewa masharti makali ya misimu na vibali ili samaki wapate kukua na kuzaana, na kazi ya kukoroga na kuchuja kwa majuma inahitaji mtu mwenye nafasi. Waokaji wengi wameliacha rojo na kubaki na minofu ya anchovi inayopangwa juu. Badiliko hilo linaeleweka, ila limewapotosha wapishi walio mbali na Nice: wakiiona minofu juu, hudhani kwamba samaki ndiye kitoweo na vitunguu ni vya kujaziliza, hivyo wanarundika samaki na kuharakisha vitunguu. Mkate wao huwa wa chumvi kali juu na wa ukali wa vitunguu vibichi chini, na mtu akiuonja mara moja hautaki tena.

Vitunguu ndivyo vinavyohitaji muda, nami nitakaa hapo kidogo. Kwa sinia la oveni la sentimita 30 kwa 40 nachukua kilo 1.2 ya vitunguu maji, navikata vipande vyembamba vya nusu mviringo, naviweka katika sufuria pana yenye kitako kizito pamoja na vijiko 4 vikubwa vya mafuta ya zeituni, punje 2 za kitunguu saumu, kijiti cha thaimu, jani la laurier na chumvi kidogo sana. Nafunika, naacha moto mdogo, na kwa nusu saa ya kwanza vitunguu hivyo hujipika kwa maji yake vyenyewe, kwani karibu sehemu 9 katika 10 za kitunguu ni maji. Baadaye nafunua ili maji yakauke, nakoroga mara kwa mara, na naendelea mpaka saa nzima ipite au zaidi. Ukali unaotutoa machozi wakati wa kukata hutokana na kemikali za salfa, nazo hutoweka na kubadilika kwa joto. Sukari iliyokuwa imezimuliwa na maji hubaki na kuzidi kujilimbikiza. Vitunguu visigeuke kahawia. Rangi inayotakiwa ni ya dhahabu hafifu, navyo vibonyee kwa kijiko bila kubaki na uzi wowote mgumu. Anayevikaanga kwa moto mkali mpaka vikababuka amepika kitu kitamu, lakini ladha ya kuungua itapigana na samaki badala ya kumpokea.

Kwa unga natumia gramu 300 za unga wa ngano, mililita 180 za maji ya uvuguvugu, gramu 5 za hamira kavu, gramu 5 za chumvi na vijiko 2 vikubwa vya mafuta ya zeituni. Unakandwa mpaka ulainike, unafunikwa mpaka uumuke na kuwa maradufu, unatandazwa kwenye sinia lililopakwa mafuta, kisha unapumzishwa tena kwa dakika 20. Iko kanuni ya zamani inayotajwa sana kuhusu mkate huu, kwamba tabaka la vitunguu liwe nusu ya unene wa mkate wenyewe, nami naiona kuwa ni kanuni ya haki.

Badala ya pissalat naponda minofu 6 ya anchovi wa chumvi pamoja na kijiko cha mafuta ya zeituni, pilipili manga na ncha ya kisu ya karafuu ya unga. Naipaka juu ya unga kabla ya vitunguu. Minofu mingine 8 au 10 naikata kwa urefu na kuipanga juu, na hapo naongeza zeituni. Oveni iwe imeshapata joto la nyuzi 220, na mkate ukae dakika 20 hadi 25 mpaka kingo zake zigeuke kahawia.

Karibuni kwa maswali na kwa hoja za kupinga pia.

#2 Binti wa Mkokotoni

Ahsante sana, ndugu mleta mada, kwa maelezo yaliyotulia. Mimi ni mtu wa Unguja, na dagaa wengi wanaovuliwa kwetu usiku kwa taa ni wa ukoo huohuo wa anchovi. Je, nikichukua dagaa wetu wakavu nikawasaga, sitapata kitu kinachokaribia hilo rojo? Minofu ya kopo inapatikana katika maduka makubwa ya mjini, lakini bei yake inamfanya mtu afikiri mara mbili.

#3 Mleta mada

Dada yangu, swali lako limegusa mahali penyewe. Ni kweli kwamba ukoo ni mmoja, lakini kinachomfanya anchovi wa Nice awe alivyo ni namna ya kumhifadhi. Dagaa wa Unguja huchemshwa kwanza katika maji ya chumvi, kisha huanikwa juani. Kule kuchemshwa huua vimeng'enya vilivyomo mwilini mwa samaki, na kule kukaushwa huondoa maji, kwa hiyo nyama yake inabaki kuwa ngumu hata ukiisaga. Anchovi wa chumvi hapikwi kabisa. Hutolewa kichwa na matumbo, hupangwa tabaka kwa tabaka na chumvi nyingi katika pipa, huwekewa uzito juu, na kuachwa kwa miezi kadhaa. Katika muda huo chumvi huzuia bakteria waozeshao, huku vimeng'enya vya samaki mwenyewe vikiendelea kuvunja protini polepole. Ndiyo maana nyama yake hugeuka nyekundu iliyoiva, hulainika, na ukiiweka katika mafuta yenye joto huyeyuka bila kuhitaji mwiko.

Kwa hiyo dagaa wakavu waliosagwa watakupa mkate wenye ladha ya dagaa, ambao huenda ukawa mzuri kwa njia yake, lakini hautakuwa na ule utamu mzito unaojificha ndani ya vitunguu. Ushauri wangu ni kupunguza idadi badala ya kubadilisha samaki. Kopo dogo la gramu 50 linatosha mkate mmoja ikiwa utaponda nusu ya minofu yake kwa ajili ya rojo na kuikata iliyobaki kwa urefu. Na yale mafuta ya kopo, kama ni ya zeituni, yatumie kupondea.

Niongeze jambo moja ambalo naona litakupendeza. Karafuu inayotiwa katika pissalat ina historia inayofika hadi kisiwani kwako. Pierre Poivre, mtawala wa Kifaransa aliyekuwa Mauritius, alifanikiwa kuipata miche ya karafuu kutoka visiwa vya Maluku mwaka 1770, wakati Waholanzi walipokuwa wakiilinda kwa nguvu zote. Na ni kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi ndipo karafuu ilipoingia Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19.

#4 Mkazi wa Marseille

Salamu kwa wote. Ninaishi Marseille, jiji ambalo lina ndugu zetu wengi wa Komoro, na pissaladière naiona katika maduka ya mikate karibu kila mara. Ninakubaliana na mleta mada kuhusu vitunguu, lakini napenda kusahihisha sentensi inayorudiwa sana katika mijadala ya namna hii, kwamba huu ni mkate wa Kifaransa tangu zamani. Nice ilijiweka chini ya nasaba ya Savoy mwaka 1388 na ikabaki huko, ukiondoa vipindi vya utawala wa Kifaransa, mpaka mwaka 1860 ilipokabidhiwa Ufaransa kwa Mkataba wa Turin. Giuseppe Garibaldi, aliyepigania kuiunganisha Italia, alizaliwa Nice mwaka 1807. Kwa karne nyingi wapishi wa Nice walikuwa wakitazama upande wa Liguria, jimbo la pwani ya Italia lililo jirani, na mji wake wa Genova kuliko Paris.

Ushahidi uko mezani. Ukivuka mpaka, Sanremo wana mkate wao uitwao sardenaira, na Imperia wana mwingine unaoitwa pizza all'Andrea, ambao watu huuhusisha na amiri Andrea Doria, mzaliwa wa Oneglia. Mikate hiyo ina samaki wa chumvi na zeituni kama ya Nice, lakini imepokea nyanya. Menton, mji wa Ufaransa ulio mpakani kabisa, nao una pichade yenye nyanya. Kwa hiyo mkate wa Nice ni mmoja katika ukoo mrefu wa pwani moja, nao ndio uliokataa nyanya. Hata zeituni zinasimulia habari hiyohiyo, kwani aina ya cailletier inayolimwa Nice na taggiasca ya Liguria ni ndugu wa karibu mno.

Hapa Marseille pizza ina mizizi ya wahamiaji wa Napoli, na iko ile inayopendwa sana ambayo nusu yake ni anchovi na nusu ni jibini. Labda hapo ndipo mchanganyiko wa fikra unapoanzia, kwa sababu mtu akishazoea anchovi juu ya pizza, akiona anchovi juu ya vitunguu hudhani ni pizza iliyosahau kitu.

#5 Mleta mada

Kaka, nashukuru kwa kuliweka sawa jambo hilo, na nimefurahi zaidi kwamba umelitaja suala la ukoo. Ukweli kwamba jirani zake walipokea nyanya unaonyesha kuwa kukosekana kwa nyanya Nice ni uamuzi wa ladha. Nyanya ina uchachu na maji. Vitunguu vilivyopikwa saa nzima vina utamu na ulaini, na samaki wa chumvi anakaa vizuri zaidi katika utamu huo. Atakayetaka nyanya na aoke sardenaira, kwani ni mkate wenye heshima yake kamili.

#6 Mzee wa Bekari

Mimi nimeoka mikate kwa ajili ya biashara kwa miaka mingi, na napenda kuuliza juu ya unga. Nimekula pissaladière katika mgahawa mmoja huko Ulaya ikiwa imetengenezwa kwa unga wa siagi ule unaovunjika, kama wa kitako cha pai. Ilikuwa nyembamba na ya kuvutia. Je, hiyo nayo ni halali, ama ni njia ya mkato?

#7 Mleta mada

Shikamoo, mzee wangu. Wapo wapishi wengi wanaotumia unga wa siagi, hata ndani ya Ufaransa yenyewe, na siwezi kusema kwamba chakula chao hakiliki. Hata hivyo, nasimama upande wa unga wa hamira, na sababu zangu ni mbili. Kwanza, nchi ya Nice ni nchi ya mafuta ya zeituni. Siagi ni ya kaskazini. Pili, na hili wewe utalijua kuliko mimi, mkate wenye vitundu hunyonya mafuta na majimaji ya vitunguu ukabaki mkate, hali unga wa siagi ukilowa hulegea na kuvunjika mkononi. Chakula hiki huliwa watu wakiwa wamesimama sokoni bila sahani wala uma, kwa hiyo kitako chake ni lazima kiweze kubeba mzigo wake.

#8 Tanuri la Makaa

Kwa wale wasio na oveni, naomba nichangie kidogo. Mkate huu unaokeka kwa makaa ya juu na chini, kama tunavyooka keki na mikate ya nyumbani. Weka sufuria pana na kavu kwenye jiko la mkaa, tia ndani yake vijiwe vitatu au kigoda cha chuma, kisha weka sinia dogo juu yake, funika kwa kifuniko cha bati na upange makaa juu. Makaa ya chini yawe machache kuliko ya juu, kwa sababu kitako huwahi kuungua kabla vitunguu havijakauka. Mkate wa duara wa sentimita 24 huchukua takribani nusu saa, lakini tazama kingo badala ya saa. Vitunguu na viwe vimeshapikwa na kupoa kabla ya kutandazwa, kwani vikiwa vya moto vitaua hamira iliyo juu na unga hautainuka.

Nauliza pia: vitunguu vyetu vyekundu, kwa mfano vile vya Mang'ola, vinafaa?

#9 Muuguzi wa Tanga

Naomba nitoe tahadhari mbili kabla mtu hajaanza kutengeneza rojo la samaki nyumbani kwa dagaa wabichi. Samaki wa jamii hii wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria huzalisha histamini ndani ya nyama yao. Histamini haiondolewi kwa kupika wala kwa chumvi, na humletea mlaji wekundu wa uso, kuwashwa, maumivu ya kichwa na mapigo ya moyo ya kasi. Kama huna uhakika kwamba samaki walitiwa barafu tangu baharini, usijaribu. La pili ni kwa wenye shinikizo la damu: anchovi wa kopo ana chumvi nyingi mno, kwa hiyo mtu wa namna hiyo na ale kipande kidogo, au mpishi apunguze minofu ya juu na kubaki na rojo pekee.

#10 Mleta mada

Nakushukuru sana, ndugu muuguzi. Tahadhari hiyo ni ya msingi, na ushauri wako wa kubaki na rojo pekee unawiana na mapishi ya kale kuliko unavyodhani. Anchovi waliouzwa ndani ya chumvi kavu, wasio wa mafuta, na waoshwe kwanza, waloweshwe kwa maji baridi kwa dakika 15 hivi, watolewe mfupa wa mgongo, kisha wakaushwe kwa kitambaa safi.

Kuhusu vitunguu vyekundu, vinafaa. Rangi yake ikipikwa muda mrefu hugeuka zambarau iliyofifia, na wapo wasioipenda kwa macho, lakini vile vya Mang'ola vina utamu wa kutosha. Huwa vikali zaidi vikiwa vibichi, kwa hiyo viongezee dakika 15 au 20 sufuriani, na uonje kabla ya kuvitoa. Ukihisi mwasho wowote kwenye ulimi, bado.

Zeituni ziwe ndogo na nyeusi, zilizohifadhiwa kwa maji ya chumvi. Zile za Nice zina hadhi ya jina linalolindwa kisheria tangu mwaka 2001, na kwa desturi huwekwa na kokwa zake, kwa hiyo wageni wajulishwe wasije wakavunja jino. Zeituni nyeusi za kopo zilizokwisha kutolewa kokwa, zile laini zenye rangi ya wino mtupu, hazina ladha ya kutosha. Ni afadhali zile zilizokunjamana za Kiarabu, ambazo hupatikana Mombasa na Zanzibar, ila zioshwe kwanza.

#11 Binti wa Mkokotoni

Nimeoka jana kwa kufuata vipimo vya kopo moja, nusu rojo na nusu juu. Mume wangu, ambaye hali samaki wa kopo, alikula vipande viwili kabla ya kuuliza ndani kuna nini. Swali langu la mwisho: kilichobaki nakihifadhi vipi bila mkate kulowa?

#12 Mleta mada

Dada yangu, hongera. Uache upoe kabisa juu ya waya au wavu ili mvuke utoke chini, kisha ufunike kwa kitambaa na uweke mahali penye ubaridi. Ukifunikwa kwa plastiki ungali wa moto, utalowa. Siku hiyohiyo unaweza kuliwa bila kupashwa. Ukitaka kuula kesho yake, uweke kwenye jokofu, kisha uupashe kwa dakika 5 katika oveni au kwenye kikaango kikavu kilichofunikwa, kwa moto mdogo, na unyunyizie mafuta ya zeituni baada ya kuutoa. Vitunguu vyenyewe vinaweza kupikwa siku mbili kabla na kukaa kwenye jokofu, jambo ambalo litakurahisishia kazi ukiwa na wageni.